Beki Mfupi, Baba wa Timu Nzima

Kosa langu la kwanza katika mpira lilikuwa kuwapanga beki mrefu na beki mfupi pamoja mbele ya lango letu. Mimi ndiye niliyemshauri kapteni, kapteni akanisikiliza, na msimu mzima tukafungwa katikati ya watu hao wawili. Hata leo nikifumba macho naona jinsi ilivyokuwa. Mpira unakuja taratibu, hauna haraka yoyote. Mrefu anamtazama mfupi, mfupi anamtazama mrefu, kila mmoja anarudi nyuma kidogo kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na mpira unapita.

Mimi mwenyewe sikuwa mchezaji. Nilijaribu kucheza winga, lakini niliufikiria mpira sana hata ukanifikia kabla sijamaliza kufikiri. Nilikuwa mshabiki tu wa timu ya soko letu, upande wa Suneka, na kazi yangu ilikuwa kupima sukari na chumvi katika duka la Mhindi. Shule niliiacha mapema, baba alipofariki. Kiswahili changu nilikipata kwenye magazeti ya zamani tuliyofungia sukari. Kabla ya kukunja karatasi niliisoma kwanza, na wateja wakazoea kunisubiri. Siku moja nilikuta gazeti lenye mchoro wa uwanja, na wachezaji wamewekwa kwa vidoa: kipa, mabeki wawili, mahafu watatu, mafowadi watano. Sukari ya mteja yule niliifungia karatasi nyingine. Ile nilikwenda nayo nyumbani.

Tangu hapo nikaamini kwamba timu ni vidoa. Chenye mbio kiwe pembeni, chenye kichwa kigumu kiwe katikati, na nyuma viwe viwili visivyoogopa. Beki mrefu aliruka juu kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Beki mfupi alikuwa na mguu usiokosea. Nikamwambia kapteni, "Hawa wawili wakiwa nyuma, hapiti hata kuku."

Kapteni alikuwa amerudi kutoka vitani. Huko alikuwa amecheza mpira na askari wa kila kabila, na alimheshimu mtu mwenye mpango. "Sawa, kijana," aliniambia, "tutajaribu mpango yako."

Neno lile, "mpango yako," liliniuma kidogo, maana huo ndio udhaifu wangu: siwezi kusikia kitu kimekosewa nikatulia. Lakini siku ile furaha ilizidi. Nilirudi dukani nikapima chumvi ya watu kwa wema usio wa kawaida, mpaka tajiri wangu akaniuliza kama naumwa.

Masika yalipoanza, uwanja ulirudishiwa ng'ombe. Miti ya magoli iling'olewa, watu wakaenda kupalilia wimbi. Kwa mshabiki, wakati huo ni mgumu kuliko kufungwa. Ukifungwa, unajua kwamba jambo limekwisha. Masika hakuna kinachokwisha. Unabaki na timu ile ile kichwani, mgonjwa yule yule, na huna la kumfanyia. Mvua ilinyesha kila alasiri kama kawaida ya kwetu, nami nikakaa jikoni kwa mama nikipanga punje za mahindi juu ya ungo.

"Hayo mahindi ni ya kusaga," mama alisema.

"Nitayarudisha, mama."

"Utayarudisha yakiwa yamechoka kukimbia."

Punje ya kipa haikunisumbua. Alikuwa mchoma matofali mwenye mikono mipana, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kuzungumza na watu waliosimama nyuma ya goli. Sentahafu alikuwa seremala, mtu mwenye moyo mzuri, ila pumzi zake ziliisha kabla ya mapumziko. Winga wa kulia alijua kukimbia lakini hakujua kusimama. Mara moja aliupeleka mpira mpaka ndani ya migomba ya watu, na akaonekana kushangaa alipotukosa.

Sentafowadi ndiye aliyenipa mawazo. Alikuwa mfungaji mzuri, lakini alikuwa ameoa karibuni, na njia ya kwenda sokoni ilipita kando ya uwanja wetu. Tulipokuwa tukicheza na Keumbu, timu ya soko jingine, mama mkwe wake alitokea njiani na kikapu kichwani. Sentafowadi alikuwa na mpira mguuni na lango mbele yake. Aliuacha mpira akakimbilia nyuma ya mikaratusi, akachuchumaa huko na kaptura yake mpaka mama yule alipopita na kutoweka. Keumbu wakauchukua mpira, wakaenda kufunga. Hakuna aliyemlaumu. Mtu wa kwetu hasimami mapaja wazi mbele ya mama mkwe. Kapteni alisema tu, "Basi, tuendelee," nami nikalichukua jambo lile kama bahati mbaya, sawa na mvua.

Na sasa niseme juu ya Keumbu. Niliwaonea wivu unaonitia aibu kuueleza. Walikuwa na miguu kama yetu, na mpira wao ulikuwa umeshonwa mara nyingi kuliko wetu. Lakini walipigiana kelele. "Acha, wangu." "Nyuma yako." "Wewe, unalala?" Uwanja wao ulikuwa na sauti kama mnada wa ng'ombe. Masika yale nilipanda lori la mizigo la tajiri wangu mpaka Keumbu siku yao ya soko, na sikuwa na kazi huko. Nilimwona sentahafu wao akipokea mikungu ya ndizi kutoka kwenye lori. Aliidaka, akageuka kiunoni, akaishusha bila kutazama, na huku anamwambia yule wa juu atupe haraka. Nikaona kwamba hata ndizi anazipokea kimpira kuliko sisi tunavyoupokea mpira. Nilimtakia ugonjwa. Si ugonjwa mkubwa. Wa goti tu.

Wivu ule ulikuwa wa mbali, na niliweza kuishi nao. Wa karibu ulikuja na baiskeli.

Ghala la mahindi la sokoni lilikuwa limepata karani mpya, mtu kutoka upande wa ziwa. Alivaa soksi ndefu na kaptura nyeupe iliyopigwa pasi, na baiskeli yake ilikuwa na kengele aliyoipiga hata njia ikiwa tupu. Hakujua Kigusii, nasi hatukujua Kijaluo, kwa hiyo akiwapo watu walizungumza Kiswahili, na chake kilikuwa kibovu kuliko cha yeyote. Hakuna aliyejali. Mimi niliyejifunza umoja na wingi peke yangu, karatasi kwa karatasi, hakuna aliyekuwa na subira ya kusikia sentensi yangu mpaka mwisho. Yeye akisema "mpira ile ya jana," hoteli nzima inamsogezea kikombe.

Alikuwa ameziona mechi zetu za mwisho. Alasiri moja niliingia hotelini, nikamkuta ameketi karibu na kapteni, kwenye kiti nilichozoea kukalia.

"Karibu, kijana," kapteni alisema. "Huyu bwana anasema timu yetu iko mgonjwa."

"Mgonjwa sana," karani akasema. "Ile beki mbili hapana ongea. Wamegombana?"

"Hawajagombana," nikajibu. "Wanahitaji mazoezi."

"Mazoezi ya mdomo."

Watu wakacheka. Nami, kwa kutaka kicheko changu, nikamwambia, "Wewe mtu wa samaki, huko kwenu samaki wanaongea?"

"Wanaongea sana, ndugu yangu. Ndiyo sababu tunawapata."

Wakacheka tena, na kicheko chote kikaenda upande wake. Nilisimama na kikombe changu mkononi. Hata mwenye hoteli alikuwa akijipangusa machozi.

Kapteni alipomaliza kucheka alisema jambo ambalo lilininyima raha kwa masika yote yaliyobaki. "Msimu ujao nataka mtu mmoja wa kukaa na mimi tuchague timu. Mmoja tu, wakiwa wawili ni kelele. Palizi ikiisha, nyinyi wote wawili mje kwangu nyumbani, kila mtu na timu yake kichwani. Nitasikiliza, halafu nitachukua mmoja."

Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Tangu niache shule hakuna aliyewahi kuniambia, kaa hapa, tunakuhitaji. Kila nilipomwona karani akipanda kilima kuelekea kwa kapteni, nilihesabu kwamba amekwenda kuzungumza habari za mabeki. Nikisikia kengele ya baiskeli, nilizidisha sukari kwenye mzani. Niliomba ahamishwe. Niliomba hata mahindi yakose kununuliwa mwaka ule ghala lifungwe, na sisi wenyewe tulikuwa tukiyategemea mahindi hayo. Jioni nilirudi kwenye ungo, nikawaweka mabeki wangu wawili pale pale, kwa ukaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyesema wana kasoro.

Palizi kwetu hufanywa kwa risaga: majirani hukusanyika wakapalilia shamba la mmoja, kesho la mwingine, mpaka yote yaishe. Ilipofika zamu ya shamba letu nilimwomba tajiri ruhusa, nikachukua jembe. Mabeki wote wawili walikuwapo. Walipalilia vizuri, lakini nilianza kuona kwamba kila mmoja alishika mstari wa mbali na mwenzake. Maneno ya utani yalikuwa yakiruka shambani kote.

"Wewe unapalilia kama unakuna mgongo wa mkeo," mtu mmoja alimwambia beki mrefu.

Beki mrefu, ambaye kwa kawaida hakosi jibu, alitazama upande wa beki mfupi, kisha akainama akaendelea na kazi kana kwamba hakusikia.

Tulipomaliza tuliteremka mtoni kuoga. Beki mfupi aliingia majini na watu wa rika la wazee. Beki mrefu alibaki juu ya ukingo, ameketi na nguo zake zote, matope yakimkaukia miguuni. Nikamwita aje tuoge.

"Ngoja tata amalize," alisema.

Kwetu tata ni baba. Babu yao mkuu mmoja alioa mke wa mwisho uzeeni, na kwa huyo ndiko alikotoka beki mfupi. Ndiyo sababu kijana yule mwenye kimo cha jembe, mdogo kuliko sisi wengi, kiukoo ni wa kizazi cha baba zetu. Kwa hesabu hiyo beki mrefu ni mwanawe. Na mtu haogi na baba yake, hamtanii, hasikii maneno ya chumbani mbele yake, wala hamwinulii sauti. Heshima hiyo, iliyochanganyika na haya, sisi huiita chinsoni. Hakuna aliyenifundisha, niliikuta ndani yangu kama nilivyoyakuta meno. Mimi mwenyewe namwita beki mfupi tata.

Niliketi kando ya beki mrefu.

"Uwanjani," nikamwuliza, "mpira ukija katikati yenu, mbona humwambii auache, ni wako?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali barabarani. "Nimpigie tata kelele mbele ya watu?"

"Lakini ni mpira tu."

"Ni mpira. Na yule ni tata. Wewe unaweza kumwambia 'toka hapa'?"

Niliwaza magazeti yangu yote, na vidoa vile, na jinsi nilivyosema hapiti hata kuku. Nilikuwa nimeamini kwamba mtu akivua shati uwanjani anavua na ukoo wake. Nilimkumbuka sentafowadi nyuma ya mikaratusi, nikaona kwamba nililiita jambo lile bahati mbaya bila kujiuliza lolote. Kisha nikamkumbuka karani, na hapo ndipo wivu uliponishika hasa. Mtu ambaye hakujua hata jina la ukoo wetu alikuwa amekaa kando ya uwanja, akaona kwa macho tu kwamba hawa wawili hawasemi. Mimi niliyezaliwa ndani ya jambo lenyewe nilisema wanahitaji mazoezi.

Siku ya kwenda kwa kapteni mvua ilikuwa imepungua. Mke wake alituletea uji wa wimbi. Karani aliegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu, akaanza.

"Mimi natenganisha ile beki mbili. Mrefu anabaki nyuma na seremala. Hapo kwa seremala, katikati, naweka fowadi moja. Mfupi iko na akili, naweka mbele, karibu na sentafowadi. Anampa mpira, huyu anafunga. Kwisha."

Kapteni aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nami nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa nimeona jambo. Mke wa sentafowadi ni binti wa kaka yake beki mfupi. Beki mfupi, basi, kwa desturi yetu ni baba mkwe wa sentafowadi. Ukiwaweka hao wawili karibu, sentafowadi hataomba mpira hata mara moja. Atacheza mechi nzima kwa adabu. Nikifunga mdomo tu, timu ya karani itaanguka mbele ya soko zima, na mwezi haujaisha kapteni ataniita. Nililiwaza hilo nikiutazama uji wangu, na lilikuwa tamu kuliko uji.

Lakini nikauona mchezo wenyewe. Nikawaona watu wa Keumbu wakipita katikati yetu tena, wakipigiana kelele zao. Hilo sikuliweza.

"Sentafowadi hatacheza karibu naye," nikasema. "Ni baba mkwe wake." Kisha nikayatoa yote, ya mtoni na ya beki mrefu, na nikakiri kwamba msimu uliopita ulikuwa kosa langu. "Tata hafai kukaa mahali ambapo watu watamwamrisha. Akae mahali ambapo yeye anawaamrisha wote. Awe sentahafu. Yeye akisema, nani atakataa? Seremala arudi nyuma na mrefu. Hao ni rika moja, watatukanana vizuri."

Kapteni aliweka bakuli chini. Alianza kucheka polepole, mabega kwanza. "Jeshini hakuna tata," alisema. "Mimi nilisahau kabisa. Na hata mimi, na mvi hizi, yule mtoto ni tata yangu."

"Tata ni nini?" karani akauliza.

Tulimweleza. Alisikiliza akiwa ameacha kunywa uji, kisha akasema, "Basi hii timu ya kijana ni mzuri kuliko yangu." Alisema bila kinyongo, na hilo pia nililionea wivu.

"Timu ni ya kijana," kapteni akasema. "Tutacheza hiyo." Nikaanza kusogeza kigoda changu upande wake. "Lakini wa kukaa na mimi ni karani."

Nilisimama, nikamwuliza kwa nini.

"Sikiliza, mdogo wangu. Siku tata akicheza vibaya, nitataka mtu wa kumwambia atoke akae nje. Utamwambia wewe?"

Nilifungua mdomo. Nilijaribu kweli. Nilijaribu kuliunda neno lile kichwani, mimi nikimwambia beki mfupi atoke, mbele ya watu, na likakataa kuja.

"Umeona," kapteni akasema. "Na mimi siwezi. Huyu hana baba hata mmoja hapa. Atamwambia mtu yeyote."

Karani alinitazama, akasogeza kigoda chake kidogo kana kwamba ananipa nafasi. Sikuketi. Niliaga, nikarudi kwa miguu, na nilipofika barabarani niliisikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Alitaka kunibeba. Nikamwambia napenda kutembea.

Msimu ulipofunguliwa tulicheza Jumapili baada ya misa, kwa kuwa Jumamosi Wasabato wetu hawachezi. Beki mfupi alisimama katikati ya uwanja akawa anaelekeza kwa mkono na kwa sauti ndogo, na watu wazima wakakimbia alikowatuma. Nyuma, seremala na beki mrefu walitukanana tangu mwanzo mpaka mwisho. Keumbu walitufunga, lakini walitoka jasho, na wengine tuliwafunga sisi. Karani alitembea kando ya uwanja akipiga kelele kwa kila mtu, "Wewe, tata, rudi nyuma, unalala?" Soko zima lilimpenda. Watu walimpongeza kwa timu aliyoipanga, naye kila mara aliwaambia imepangwa na kijana wa dukani. Hawakumsikiliza, walidhani ni unyenyekevu.

Miaka kadhaa imepita. Siku hizi, masika yakija, karani huja dukani kabla ya kwenda kwa kapteni, nami namweleza nani ni baba wa nani na nani amemwoa binti wa nani, ndipo tunawapanga. Kwenye mkutano wenyewe anakwenda peke yake. Bado namwonea wivu.